Msukosuko wa Heri

9 Januari

Mwanangu Katibu,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo, pamoja na huyo aliyemo tumboni ambaye bado hajui ameingia ukoo wa wabishi. Huku tupo. Baba yako tangu astaafu kuendesha treni hana pa kupeleka ukali wake wa saa, kwa hiyo anauleta kwangu. Kila asubuhi anapanda ngazi, anaangalia saa ya ukutani, ananiambia nimechelewa kufungua. Sikujua kwamba kaka akistaafu kazi anamhamia dada. Fundi cherehani wa hapo chini naye amenunua mashine ya umeme, sasa sakafu yangu inatetemeka kutwa na chupa zinagongana kwenye rafu. Nimemwambia ananipigia dawa bila kulipwa.

Sasa tuingie ndani. Rasimu ya mwongozo mpya wa chama chetu imenifikia, na sahihi yako iko chini kabisa: Katibu, Kamati ya Istilahi. Nilijivuna kwa muda wa kuvaa miwani tu. Kisha nikasoma.

Mnataka tusiseme tena "nguvu ya dawa", tuseme "kiwango cha kuzimuliwa". Mwanangu, wewe umeshika chupa hizi tangu ukiwa na meno ya utoto. Unajua kwamba homeopathi yetu ni tone moja kwenye maji, chupa inapigwa kwenye kipande cha ngozi, tone la hayo linatiwa kwenye maji mengine, linapigwa tena, na kadiri dawa inavyozidi kuwa nyepesi ndivyo tunavyosema imezidi nguvu. Sasa nimwambie mgonjwa "nakupa iliyozimuliwa sana"? Si ataniuliza kwa nini nisimpe maji ya bomba? "Kani ya uhai" nayo mmeifuta, mmeweka "uwezo wa mwili kujirekebisha", kana kwamba mtu ni baiskeli. "Kifanani huponya kifanani" mmeibakiza, lakini mmeitanguliza na "inaaminika kwamba". Nani anayeamini, kama si ninyi? Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na hawakuunda kamati.

Hayo ningeyameza. Lililonikaba ni ukurasa wa mwisho, mlipofuta "msukosuko wa heri". Miaka yote tumewafundisha wagonjwa kwamba dawa sahihi ikiugusa ugonjwa, ugonjwa hufurukuta kwanza kabla ya kutoka, na mtabibu akiona hivyo hufurahi na kungoja. Ninyi mmeandika: "Dalili zikizidi, mgonjwa apelekwe hospitali." Basi, mmemaliza. Kazi yangu ya maisha imekuwa kituo cha kungojea gari la wagonjwa.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Kiatu kipya kilinichubua kidole kidogo cha mguu wa kushoto kabla ya mwaka kuisha. Kidonda kikalala tu, hakiponi wala hakizidi. Nikajipa dawa. Wiki hii kimevimba, kimeiva, kinatoa maji. Msukosuko wenyewe huo, umeanza, nami nimefurahi. Kamati yako ingekuwa imeshanilaza kitandani nikatwe.

Mkutano mkuu ni Aprili. Bado una nafasi ya kurekebisha mambo. Mwambie mkeo alale kwa ubavu.

Shangazi yako


25 Januari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako aliifungua mke wangu, maana siku hizi yeye ndiye mwenye nyumba na mimi ni mtumishi. Daktari amemwamuru alale mpaka ajifungue, na unajua muuguzi akiambiwa alale anavyokuwa: anawauguza hata wanaopita chini ya dirisha. Juzi alimpigia kelele muuza mkaa kwamba amebeba gunia vibaya. Tumbo linakua vizuri. Mwambie baba saa yake ninaikumbuka.

Nilijua utanikaripia, na nilikuwa nimejiandaa. Hata hivyo ilinichoma.

Acha nikueleze kitu ambacho hakimo kwenye rasimu. Ofisi ya chama, kama ulivyosikia, ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. Mwaka jana, mchana, aliingia mama mmoja akaketi bila kukaribishwa. Mumewe alikuwa akitibiwa kikohozi na mwenzetu mmoja. Akazidiwa, akaambiwa ni heri. Akazidiwa tena, akaambiwa ni heri kubwa zaidi. Mama yule alikuja kwetu baada ya maziko. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mlipoona anazidi kuumwa, mlifurahi kweli?"

Shangazi, nilimpa maji ya kunywa, akayaacha mezani, akaenda zake. Tangu siku ile kila nikiliandika neno hilo nalikata tena. Neno linalomfanya anayepona na anayekufa waitwe jina moja, mimi siwezi kulitetea. "Nguvu" na "kani" tunaweza kubishana hadi tuzeeke, hazimuui mtu. Hili linaua.

Sasa kidole. Mke wangu anauliza maswali yafuatayo, nami nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu amenisimamia. Una kiu isiyo ya kawaida? Unaamka mara nyingi kwenda haja ndogo? Nguo zimekulegea? Ukikibonyeza hicho kidonda unasikia maumivu? Anasema mganga hajigangi. Nikamwambia unayemsema ni shangazi yangu. Akasema ndiyo, huyo huyo.

Tafadhali mjibu. Mimi najua kunyamaziwa na wewe, yeye hajazoea.

Mwanao


18 Februari

Marahaba mwanangu,

Nimechelewa kuandika, usiniulize sababu, kazi ni nyingi. Baba yako na fundi cherehani wamegombana kwenye karata. Mmoja anasema mwenzake anachungulia, na mwenzake anasema huwezi kuchungulia karata za mtu anayezishika wazi kama gazeti. Wamenuniana, kila mmoja upande wake wa ngazi. Mimi ndiye ninayepeleka ujumbe.

Nimemsikitikia sana mama wa watu. Lakini mwenzetu yule hakuijua kazi. Msukosuko wa heri una alama zake, nami nilikufundisha kwa kinywa changu: mwili unazidi kuumwa lakini moyo unatulia. Mgonjwa anayezidi mwili na moyo pamoja, huyo anaondoka, mkimbize hospitali. Yeye hakuuangalia moyo wa mtu. Kwa hiyo mnamwacha fundi mbovu, mnakwenda kuvunja nyundo.

Au umesahau kukalia mikono? Kila mwanafunzi wangu niliyemfundisha alikaa kwenye lile benchi, mikono chini ya mapaja, mbele ya mgonjwa anayefurukuta, mpaka ajifunze kutogusa. Wengi walishindwa. Mikono inawasha, inataka kumpa mtu kitu, inataka kukimbia. Wewe uliweza kuliko wote. Na kabla hujawa mwanafunzi ulikuwa mgonjwa. Homa ile ulipokuwa bado huendi shule, mama yako Mungu amrehemu alinishika nguo akilia nikupeleke hospitali, nami nimekalia mikono yangu mpaka ikafa ganzi. Ulipoamka uliomba uji. Ungekuwa na kamati siku ile, uji angeuomba nani?

Mwambie mkeo maji nakunywa kwa sababu kuna joto. Nguo zangu zimelegea kwa sababu fundi wetu anajua kushona kwa umeme tu, hajui kupima. Na maumivu sina hata chembe. Kidonda kimepanuka, kimeingia kidole cha pili, na bado siumwi. Unaona? Mwili unazidi, moyo umetulia. Hiyo ni alama njema kabisa.

Siku hizi wagonjwa nawapokea karibu na dirisha, kuna hewa. Wamepungua kidogo, ni msimu.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi, shikamoo,

Nisamehe nikikata maamkizi. Tuko salama, tumbo liko salama, mengine nitayaandika siku nikiwa na utulivu.

Barua yako nilimsomea mke wangu. Nilipofika "siumwi hata chembe" alikaa kitandani, yeye aliyekatazwa kukaa. Amesema kidonda kilichofika hapo na hakiumi ndicho cha kutisha kuliko vyote. Amesema ni sukari, anakaribia kuapa, na kwamba mishipa ya fahamu ya mguu imekufa na ndiyo maana kuna utulivu.

Halafu baba amepiga simu. Unajua simu ya baba, mtu anasikika kama yuko ndani ya pipa. Alianza kwa kunieleza kwamba treni ya asubuhi imechelewa tena tangu aondoke yeye. Kisha akasema fundi cherehani amemuuliza kama kuna panya aliyekufa huko juu. Nikamuuliza, na wewe ulimjibu nini? Akasema, nimemjibu ndiyo.

Baba yangu hajawahi kusema uongo hata wa ratiba.

Kwa hiyo sasa najua kwa nini mko karibu na dirisha, na kwa nini wagonjwa wamepungua. Kazini sikai. Natembea kutoka kabati la faili mpaka dirishani na kurudi, mpaka mwenye duka la rangi amegonga dari kwa fimbo ya ufagio. Ningekuwa tayari kwenye basi kama si huyu aliyelala hapa, na daktari amesema nisimwache. Mficha maradhi, Shangazi, kifo humuumbua. Nenda hospitali. Baba atakushika mkono. Usiende kwa sababu ya kamati wala mwongozo, nenda kwa sababu nimekuomba.

Mwanao


20 Machi

Kwako Katibu,

Msalimie mkeo, mwambie nimemsikia na bado nampenda. Wewe sijui.

Umemfanya kaka yangu mpelelezi. Umemfanya fundi cherehani daktari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa. Sasa wewe unataka methali igeuke, mkuu asiyesikia la mtoto ndiye avunjike guu. Sitakataa kwamba ni kichekesho. Nilipokuwa peke yangu nilicheka.

Hujui unaniomba nini. Unaniomba nikaketi kwenye lile benchi refu la hospitali, mlangoni, palipo wazi kwa kila mtu. Wagonjwa wangu wote wataniona. Najua nusu yao huenda kukaa pale kwa siri, nami nitawaona wao, na tukishaonana hivyo tutaambiana nini tena? Miaka arobaini nzima ya maisha yangu nimewaambia watu wangoje. Nimewatazama usoni nikasema ngoja, ni heri. Walio wengi walipona. Sitakwenda mimi wa kwanza kukimbia wakati zamu yangu imefika. Hiyo si tiba, huo ni woga, na mgonjwa akiuona woga kwa mtabibu wake haponi tena.

Lakini sitaki ufe kwa kutembea ofisini. Tuwekeane neno. Mkutano mkuu uamue. Chama kikilifuta neno, barua yako ikinifikia, kesho yake naenda hospitali, nakaa kwenye benchi, nanyosha mguu mbele ya kila mtu. Nitakuwa nimeshindwa na wenzangu, na aliyeshindwa kwa haki hana aibu. Chama kikilibakiza, uniachie mguu wangu na usinitajie tena. Unajua sijawahi kuvunja ahadi, hata zile za kijinga.

Kuja kwenye mkutano siwezi. Kiatu hakiingii. Kwa hiyo nimeambatisha hotuba yangu, na utaisoma wewe. Sitaki mwingine. Isome yote, kama ilivyo, bila kuizimua.

Shangazi yako


13 Aprili
(Barua hii haikutumwa)

Shangazi wangu,

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule, kwenye viti vya watoto. Watabibu wazima wenye mvi wamekaa magoti yakiwa kifuani. Mzee wetu, mwenyekiti mstaafu, uliyesoma naye, alikaa mbele kabisa, na kila akijigeuza kiti kililia.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilipanga kuisoma hotuba yako haraka na kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Nisingeruka hata neno, kwa hiyo nisingekuwa nimekudanganya. Lakini wasingekusikia. Wangepiga kura na wewe ungekwenda hospitali.

Nilianza hivyo hivyo. Watu wakaanza kukohoa na kupekua makaratasi, nikafurahi. Kisha nikafika pale ulipoandika: "Mnatafuta maneno yasiyomwudhi mtu wa nje. Mgonjwa si mtu wa nje. Mwili wake umemgeuka, walio karibu naye wanamtazama kwa hofu, na hakuna anayejua kesho. Neno hili ndilo mkono tuliompa ashike. Mkiliondoa, ni kipi mtakachoweka kiganjani mwake?"

Sijui kilichotokea. Sauti ilinigeuka. Nilisikia namna unavyosema, ile ya polepole unapoweka chupa mezani, ikitoka kinywani mwangu. Niliinua uso. Hakuna aliyekuwa anapekua kitu. Nilimaliza nikiwa nasoma kwa moyo wangu wote, na sikubaliani hata na nusu yake, na ilikuwa nzuri. Mzee mwenyekiti alivua miwani akaishika mkononi muda mrefu.

Ikapigwa kura. Mimi niliinua mkono kulifuta neno. Niliangalia upande huu na ule, tulikuwa wachache kuliko wao, si kwa wingi, lakini wachache. Neno limebaki. Waliinuka wakaja kunipa mkono, mimi niliyepinga, wakisema nimeokoa urithi wa chama.

Umeshinda, Shangazi. Nimekushindia mimi. Nimekuua kwa sauti nzuri.

Nikiituma barua hii utaisoma ukifurahi, utaikunja, na utarudi kukaa kwenye dirisha lako na kungoja. Nami nitakuwa nimeutimiza ukweli, nimeketi juu ya mikono yangu kama ulivyonifundisha. Mke wangu ananitazama kutoka kitandani. Ameniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia, kitu cha kuchana.


14 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta pamoja na baba mkiwa katika hali njema. Sisi hatujambo, mke wangu amebakiza wiki chache.

Nakuarifu kwamba mkutano mkuu umefanyika na mwongozo mpya umepitishwa. Neno "msukosuko wa heri" limefutwa. Hotuba yako niliisoma yote kama ulivyoagiza. Wajumbe waliisikiliza kwa heshima na kupiga makofi ya adabu, lakini haikubadili mawazo ya wengi. Kura hazikukaribiana.

Pole sana. Najua ulivyolipenda. Sasa nakukumbusha ahadi yako, kwamba barua hii ikikufikia, kesho yake utakwenda hospitali. Baba anajua, yuko tayari.

Mwanao


6 Mei

Shangazi, shikamoo,

Amezaliwa. Ni msichana, mzima, ana sauti ya kuezua mabati. Mama yake hajambo, ameshaanza kunielekeza namna ya kukunja nepi. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Lakini huko kumekuwa kimya. Nimempigia baba mara nyingi. Anapokea, anasema ameapishwa asiseme kitu, kisha ananitajia saa na kukata. Nikimuuliza kama uko hai anasema, "Saa nne na robo." Nashindwa kujua kama nicheke au nipande basi.

Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie. Kama hukwenda, niambie hukwenda. Mtoto akilala mimi ndiye ninayezungukazunguka chumbani, na mke wangu anasema nitamwamsha kwa mawazo.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Hongera, na mpe hongera mama mtu, yeye ndiye aliyefanya kazi. Mtoto mwenye sauti hiyo ni wangu, usitafute kwingine. Baba yako tangu apate habari amekuwa akiwaambia watu wa mtaani uzito wake kama mtu anayetangaza mzigo. Amepatana na fundi cherehani. Nitakueleza walivyopatana.

Mwenyekiti mstaafu alimpigia simu baba yako siku ileile ya mkutano. Kaka alipanda ngazi anatweta, ameishika simu kwa mikono miwili kana kwamba ni kichanga cha watu. Nikaiweka sikioni. Mzee wa watu alikuwa anapiga kelele, tumeshinda, tumeshinda, na kijana wako sauti ilimgeuka katikati, akaisoma kama vile ni wewe umesimama pale, tumelia. Nilifurahi, mwanangu, sitaficha. Nilimwambia kaka alete chai, nikanywa vikombe viwili, sukari tele. Nikajiambia jambo limekwisha, mguu ni wangu.

Kisha ikaja barua yako.

Mara ya kwanza nilicheka. Nilifikiri uzazi umekuvuruga. Nikaisoma tena, nikaona mwandiko. Wewe ukisema kweli unaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Barua ile ilikuwa imenyooka kama ya benki. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata mlangoni.

Nikakaa nayo. Nikasema, huyu ndiye mtoto anayegombana na chama kizima kwa sababu neno moja si la kweli. Ndiye asiyeweza kulala kwa ajili ya mama mmoja aliyeacha maji mezani. Na huyu huyu amechukua kalamu akaniandikia uongo mtupu, kuanzia maamkizi. Hapo niliogopa. Kidonda hakikuwa kimeniogopesha, wala harufu, na usidhani pua yangu imekufa, nilikuwa naisikia kabla ya fundi. Niliogopa nilipoona nimekufikisha wapi. Niliona mtu anayenipenda amebakiwa na njia moja tu ya kunifikia, na ni njia ya uongo.

Ahadi haikunibana. Neno lilikuwa limebaki, nilikuwa na haki ya kukaa dirishani mpaka mwisho. Nataka ulijue hilo, ili baba yako asije akakuambia nilishindwa. Nilimwita nikamwambia, nipeleke. Hakuuliza kitu. Alishuka akamwita fundi cherehani, wakaninyanyua na kiti changu, mmoja huku mmoja kule, wakanishusha ngazi. Hapo ndipo walipopatana, maana mtu huwezi kumnunia mwenzako mkiwa mmebeba kiti kimoja. Njiani kaka alisema tumechelewa. Safari hii alikuwa na haki.

Ni sukari. Mwambie mkeo aliyetaka kuapa angeapa tu. Wamekata vidole viwili na kipande cha unyayo. Daktari ni kijana, ana miwani kama yako. Alisema ningekaa wiki chache zaidi angekata gotini, au asingekata kabisa kwa sababu asingekuwa na mtu wa kumkata. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia ni mtabibu, akauliza wa nini, nikasema wa homeopathi. Hakucheka. Nilitamani acheke, ningepata pa kumshikia.

Kwenye benchi niliwakuta wagonjwa wangu, kama nilivyodhani. Mmoja, yule mama wa duka la vifungo, aliniona nimenyosha mguu akashtuka. Akasema, "Kumbe hata wewe?" Nikamjibu hata mimi. Akasogea nikae vizuri.

Usidhani nimesalimu amri. Dawa ya moto bado ni moto, na "kiwango cha kuzimuliwa" sitaliandika kwenye chupa yangu hata moja. Lakini yale niliyokuambia kuhusu moyo uliotulia, nimeyarudia kitandani mara nyingi. Mguu ulikuwa umekufa, nami nikauita utulivu. Nimekuwa mtabibu tangu kabla hujazaliwa na sikuweza kutofautisha vitu hivyo viwili katika mwili wangu mwenyewe. Yule mwenzetu niliyemwita fundi mbovu, siku moja nitamwandikia. Sijui nitamwambia nini. Wanaokuja kwangu sasa nawaambia wakizidiwa wasinisubiri, na wakiniuliza basi heri iko wapi, nawaambia bado naitafuta.

Nyumba imekuwa kimya. Fundi anashona kwa mkono ili sakafu isinitikise. Nimemkataza, anaendelea.

Uongo wako nimekusamehe, usiurudie. Sasa kaa chini uniandikie barua ya kweli. Niambie watu walikaaje, mzee alifanya uso gani, na ulikuwa umefika wapi kwenye hotuba sauti ilipokugeuka. Usiache kitu. Nimeshinda mkutano mkuu mmoja tu maishani mwangu, na mpaka leo hakuna aliyenisimulia.

Shangazi yako